Kikundi cha isukuti Kawangware: tafuteni siku yenu kabla ya kutafuta jina

Swali: Mwalimu, mimi ni katibu wa kikundi cha isukuti, ngoma ya Waluhya wa Isukha na Idakho wa magharibi mwa Kenya, hapa Kawangware, Nairobi. Tuko watu kumi na wanne. Mdogo wetu ana miaka 19, na mzee wetu wa ngoma, ambaye ni baba yangu, ana miaka 66. Tunaitwa kupokea waheshimiwa, tunaitwa harusini na matangani, lakini mara nyingi tunaondoka na soda na nauli. Vijana wawili wametoka mwaka huu wakisema hapa hakuna maisha. Waliobaki wanataka tuongeze kinanda cha umeme ili tufanane na bendi. Tufanye nini kikundi kijulikane na kiheshimiwe? Nyimbo za wazee tunaweza kuzisajili ziwe zetu? Na sasa tumeitwa kutumbuiza Siku ya Mashujaa bila kuambiwa malipo. Twende?

Jibu: Dada Katibu, ahsante kwa kuandika, na nifikishie mzee salamu zangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, kikundi chenu hakikosi kazi. Kinakosa siku yake chenyewe. Kila mnaposhika ngoma mko katika shughuli ya mtu mwingine: harusi ni ya bwana na bibi harusi, matanga ni ya wafiwa, mkutano ni wa mheshimiwa. Yote hayo ni mahali halali pa isukuti, wala sisemi muache. Lakini kikundi ambacho hakina hata siku moja ambapo watu wanakuja kwa sababu yake hakiwezi kujulikana, hata kikiitwa kila wiki.

Angalia mnavyotumiwa katika mapokezi. Gari likikaribia mnaambiwa mpige. Mgeni akishuka mnaambiwa mzidishe. Akishika kipaza sauti mnanyamazishwa, na anayeendesha shughuli hataji jina la kikundi kwa sababu hakuliuliza. Umati mzima umewasikia, na hakuna mmoja anayeweza kesho kumwelekeza jirani yake mnakopatikana. Kwa hiyo mtu akiwaambia "njooni tu, mtajulikana," mjue anawaahidi kitu ambacho shughuli yake haiwezi kutoa.

Ushauri wangu ni huu. Chagueni siku moja ya kila mwezi, saa ileile, mahali palepale, Kawangware kwenyewe. Kwa mfano Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja. Makanisa mengi yameshafunga ibada, watu wamekula, watoto wako nje, na mwenye mshahara ameupata. Msibadilishe siku kwa sababu ya mvua kidogo au kwa sababu mara ya kwanza walikuja watu ishirini. Kinachojenga jina ni kwamba aliyekosa mwezi huu anajua bila kuuliza ni lini atawapata tena. Mama anayeuza mboga hapo kando ataanza kuwatangazia wateja wake, kwa sababu siku yenu ni siku yake nzuri pia. Mwenye kutaka kikundi cha harusi ya dada yake atakuja kuwasikiliza kabla ya kuwalipa. Mwandishi wa habari akitafuta isukuti jijini ataambiwa siku na mahali.

Wazee walisema mcheza kwao hutuzwa, na hapo ndipo wengi wetu Nairobi tunapokwama, kwa sababu tumezoea kusema kwetu ni Ingo, yaani nyumbani magharibi, na hapa tumekuja kutafuta tu. Lakini fikiria ni nani anayekaa kuanzia stendi ya 46 hadi Gatina na Kabiro. Ni watu waliokuja na nyimbo hizi. Mgeni wa hotelini atawapigia makofi hata mkikosea, kwa kuwa hajui. Mama aliyekulia Shinyalu na sasa anafua nguo za watu Kileleshwa ataitikia wimbo kabla hamjamaliza mstari wa kwanza, na mkiruka ubeti atawaambia papo hapo. Hadhira ya namna hiyo haipatikani kwa kukodi ukumbi mkubwa mjini. Iko mlangoni penu, na ndiyo itakayoifanya ngoma yenu iwe safi hata siku mtakapoipeleka mbali.

Jambo hili lina uzito kuliko burudani. Mwaka 2014, UNESCO iliiandikisha isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Tafadhali wasomee wenzako sababu zilizotolewa: wapigaji wengi ni wazee na hawana wa kuwarithi, ngoma inachezwa mara chache kuliko zamani, vifaa na mavazi yanakosa fedha, na watu wako radhi kulipia burudani za kisasa badala yake. Ukisoma orodha hiyo unaona wazi kwamba cheti cha kimataifa hakitoshi kuiponya hata moja. Isukuti iliishi kwa sababu ilikuwa na kazi: mtoto akizaliwa, kijana akitahiriwa, watu wakioana, mtu akifa, mafahali wakipiganishwa, kiongozi akisimikwa. Ikichezwa mara kwa mara na watu wanaoihitaji, warithi watapatikana. Ikibaki ya kupokelea wageni, hata kumbi zote za dunia hazitaiokoa.

Wala Nairobi haianzi leo kuwa na ngoma za mtaani. Pumwani ya miaka ya 1920 na Kaloleni ya miaka ya 1940 zilikuwa na kumbi ambako watu wa makabila mbalimbali waliokuwa vibarua wa reli na wa majumbani walikutana kwa dansi, vikao vya ukoo na siasa. Kumbi hizo zilijulikana kwa siku zake. Mtu alijua akienda mwisho wa juma atakuta nini. Na ukitaka mfano ulio hai hadi leo, nenda uwanjani klabu ya soka ya AFC Leopards inapocheza. Klabu hiyo ilianzishwa 1964 kwa jina la Abaluhya United, na mashabiki wake wamekwenda na isukuti majukwaani kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyewalipa wale vijana wapige. Wanapiga kwa sababu kuna siku ya mechi, kuna mahali pao pa kukaa, na kuna watu wanaowasubiri. Kama vijana wenu wawili wametoka, ningewatafuta kwanza hapo.

Sasa mahali. Ukumbi wa kanisa, uwanja wa shule ya msingi, au kiwanja cha wazi karibu na soko. Ningependelea shule, kwa sababu ina ukuta, ina choo, na ina watoto. Mwandikieni mwalimu mkuu barua ya ukurasa mmoja, mwombe aipeleke kwa bodi ya shule, na mtoe kitu kama shukrani: saa moja kila wiki ya kuwafundisha wanafunzi ngoma. Shule nyingi hutafuta walimu wa nyimbo za asili msimu wa tamasha za muziki unapokaribia, na hulipa watu kutoka mbali wakati ninyi mko ng'ambo ya barabara.

Mkichagua kiwanja cha wazi, fuateni sheria mapema, kwa maana hakuna kinachovunja moyo wa kikundi kama kutawanywa siku ya kwanza. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka anayeandaa mkutano wa hadhara amwarifu mkuu wa kituo cha polisi kwa maandishi siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mbaki nayo. Mpitieni chifu, na muulize ofisi ya kaunti kuhusu kibali cha kiwanja na cha kelele. Mkimaliza saa kumi na moja jioni kama nilivyopendekeza, majirani hawatakuwa na sababu ya kuwalalamikia. Ngoma tatu za isukuti hazihitaji spika. Kipaza sauti kimoja cha kiongozi wa nyimbo kinatosha, na mara nyingine hata hicho hakihitajiki.

Siku yenyewe isiwe kupiga tu mfululizo. Waanze watoto, hata kama wanajua wimbo mmoja, kwa sababu kila mtoto analeta mzazi. Kabla ya kila wimbo mzee asimame kwa dakika moja aseme wimbo huu ni wa nini, ulipigwa wakati gani, na nani alimfundisha. Kisha wachezaji wapange safu zao, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na katikati ya shughuli muwaalike watu waingie. Hili msiliogope. Isukuti si ngoma ya kutazamwa kwa mbali, na mtu aliyetikisa mabega yake katikati ya safu yenu mara moja ni wenu kuliko aliyepiga picha ishirini. Mwisho mtaje jina la kikundi, namba ya simu, na tarehe ya mwezi ujao. Mtaje tena. Wanaotaka kutuza watuze, na namba ya M-Pesa ya kikundi iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kibao kinachoonekana hadi nyuma.

Siku hiyo msiibane kwa ajili ya isukuti peke yake. Kawangware ina Wakikuyu wanaojua mwomboko, ina Waluo wenye ala zao za nyuzi, nyatiti na orutu, ina Wakamba ambao mama zao walicheza ngoma ya kilumi. Mwalikeni jirani mmoja kila mwezi apewe dakika ishirini. Hadhira yenu itaongezeka bila gharama, na ninyi mtaalikwa kwao. Vikundi vya mtaani vinavyoonana kama washindani wa soda ileile vinaumizana. Vikipanga bei ya chini pamoja na kualikana, wapangaji wa shughuli huanza kuvisikiliza.

Kuhusu vijana wanaosema hapa hakuna maisha, nakuomba uulize swali moja katika kikao: ni nani miongoni mwa walio chini ya miaka 25 aliyewahi kuongoza wimbo mbele ya watu? Vikundi vingi ninavyovijua huwaweka vijana miaka mitano kwenye njuga na kubeba ngoma, halafu hushangaa wakiondoka. Kijana haachi ngoma kwa sababu ya pesa peke yake. Bodaboda nayo humtesa na bado anaamka kuiendesha. Anaacha kwa sababu haoni lini atakuwa mtu hapo. Mzee achague wawili awakabidhi ngoma kubwa mbele ya hadhira, kila mwezi wimbo mmoja wawe wao, na wakikosea asiwanyang'anye vijiti. Awaache waumalize. Kazi za simu, picha na mawasiliano ziwe za kijana mwenye cheo rasmi katika kamati, naye apate fungu lake kwa kazi hiyo.

Kinanda cha umeme sikiungi mkono, na nitakueleza sababu yangu, kwa kuwa simo miongoni mwa wanaoamini kwamba ngoma ya asili haipaswi kuguswa. Mwomboko wenyewe ni ushahidi. Wakikuyu walichukua akodiani ya Wazungu na hatua za dansi za Kizungu, wakaongeza karing'aring'a ya chuma, wakapata ngoma ambayo leo hakuna anayeiita ya kigeni. Ala mpya si dhambi. Shida ya kinanda cha umeme ni kwamba huja na midundo yake tayari, na mara nyingi mpigaji huiwasha. Ngoma zenu tatu, kubwa, ya kati na ndogo, huzungumza kwa kupishana: ndogo inashikilia, ya kati inajibu, kubwa inaamua lini wachezaji wageuke. Midundo ya mashine haimsubiri mpigaji wa ngoma kubwa. Baada ya miezi michache mzee atajikuta anaifuata mashine, na hapo mtakuwa mmepoteza kile kinachowatofautisha na bendi mia nyingine za jijini.

Kama mnataka sauti ya nyuzi, ipo katika magharibi ileile. Tafuteni mzee anayepiga gita kwa mtindo wa Waluhya uitwao omutibo na kijana wa kumgongea chupa ya soda, au mpigaji wa shiriri au litungu. Wekeni wimbo mmoja au miwili ya namna hiyo katikati ili wachezaji wapumzike. Watu watafurahi, na ngoma itabaki na enzi yake.

Tuje kwenye pesa. Ninyi hamna bei, ndiyo maana mnalipwa soda. Mtu akiuliza "mnachukua ngapi?" na katibu akajibu "mtatuangalia," malipo yameshaamuliwa na upande mmoja. Kaeni kamati mpige hesabu ya gharama halisi: nauli ya kwenda na kurudi kwa wote kumi na wanne pamoja na ngoma, chakula, ufuaji wa mavazi, siku ya kazi ambayo kila mmoja anaipoteza, na fungu la kikundi. Tuseme nauli na chakula ni shilingi 500 kwa mtu, na siku ya kibarua ni 700. Hapo tu mmefika 16,800, na bado hamjaweka senti ya ngozi ya ngoma itakayopasuka. Chini ya kiasi hicho mnamlipia mwenye shughuli sherehe yake kutoka mifukoni mwenu. Andikeni bei mbili: ya kikundi kizima na ya watu sita kwa shughuli ndogo. Matangani fanyeni mnavyofanya kwa desturi, kwa mfiwa hamuwezi kumpelekea ankara, lakini hata huko nauli isitoke kwenu.

Nusu ilipwe kabla, kwenye namba ya kikundi na kamwe si ya mtu binafsi. Makubaliano yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu: tarehe, saa ya kufika, saa ya kuondoka, idadi ya watu, kiasi, na kwamba jina la kikundi litatangazwa. Mkigawana, gawaneni siku hiyohiyo mbele ya wote, na fungu la kikundi litajwe kwa sauti. Nimeona vikundi vizuri vikivunjika kwa shilingi elfu mbili ambazo hakuna aliyeziiba, hazikuelezwa tu.

Swali lako la nyimbo za wazee ni la maana sana na nalijibu kwa sehemu mbili. Wimbo ambao umerithiwa, ambao hakuna anayejua mtunzi wake, si wa kikundi chenu na hauwezi kuwa. Ni wa jamii nzima ya Waisukha na Waidakho. Katiba ya 2010, Kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 ikaja Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni. Sheria hiyo inalinda vitu vya jamii dhidi ya mtu wa nje anayevichukua kibiashara bila ridhaa, lakini haiwazuii wenye mila kuvitumia kwa desturi. Kwa hiyo imbeni bila hofu, ila msimruhusu mtu yeyote, awe wa nje au wa ndani, aandike karatasi kwamba wimbo wa mababu ni mali yake.

Nyimbo mlizotunga wenyewe ni jambo jingine. Maneno mapya ya mzee kuhusu maisha ya Nairobi, au wimbo wa harusi uliotungwa na dada mmoja wenu, unalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili uko katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, na unafanyika mtandaoni. Sajilini kwa jina la mtunzi halisi, kisha muandikiane kikundi kinaruhusiwa kuutumia vipi. Na sheria hiyohiyo inawapa haki kama watumbuizaji: hakuna anayepaswa kurekodi onyesho lenu na kulirusha hewani au kuliuza bila idhini yenu. Mtu mwenye kamera kubwa akija, muulizeni ni ya nini kabla ya ngoma kuanza. Kuhusu vyama vya kukusanya mirabaha, msijiunge kwa kusikia redioni. Uliza KECOBO ni vyama vipi vina leseni mwaka huu, kwa sababu leseni hizo zimebadilika mara kwa mara na wasanii wengi wameachwa njia panda.

Kuna sheria nyingine ambayo vikundi vya isukuti husahau. Ngoma za zamani ziliwambwa ngozi ya kenge, na pembe yenu bila shaka ni ya swala. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kuwa na viungo vya wanyamapori bila kibali ni kosa, na hali ni hiyohiyo kwa kofia za ngozi ya mbega. Nendeni wenyewe ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, muulizie kibali cha vifaa vya urithi mlivyo navyo. Kwa ngoma mpya tumieni ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe, na pembe ya ng'ombe. Sauti hutofautiana kidogo na sikio la mzee litaisikia tofauti hiyo, lakini hamtasimamishwa njiani mkienda kutumbuiza.

Kurekodi kwa simu kunatosha kwa kuanzia, mradi kufanywe kwa uangalifu. Simu ikiwekwa karibu na ngoma kubwa sauti hupasuka na waimbaji humezwa. Isogezeni mita nne au tano, kimo cha kifua, upande wa waimbaji, na isishikwe na mtu anayecheza. Kwa video, kamera itulie na ionyeshe safu yote, mabega na miguu, kwa kuwa ndipo isukuti ilipo. Wekeni vipande vya dakika moja na nusu kila wiki, na kila kimoja kiwe na jina la kikundi, jina la wimbo, Kawangware, na tarehe ya siku yenu. Lakini kuna rekodi ya pili ambayo kwangu ni muhimu kuliko hiyo. Kaa na baba yako, na wazee wengine wanaokubali, umrekodi akizungumza: wimbo huu alimsikia nani akiuimba, kijiji gani, katika shughuli gani, maneno ya ndani yana maana gani, na je, kuna wakati haufai kuimbwa. Nyimbo za msiba zisitumbukizwe kwenye video za kufurahisha watu. Mzee ndiye wa kuamua. Tunza nakala mahali pawili. Yeye ana miaka 66, na hili ndilo pekee katika barua yako lisiloweza kusubiri.

Redio za mtaani zina njaa ya sauti za mtaani. Mtaani Radio iko Dagoretti huko kwenu, Pamoja FM iko Kibera, Koch FM iko Korogocho. Nendeni na wimbo mmoja uliorekodiwa vizuri na vijana wawili wanaojua kuueleza kwa Kiswahili cha Nairobi. Msiombe kutangazwa. Ombeni kipindi cha nusu saa cha kuelezea ngoma, na tarehe yenu itatajwa humohumo.

Milango mingine naitaja haraka. Jisajilini, kama bado, kwa ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Mnahitaji katiba, kumbukumbu za kikao na orodha ya wanachama, na bila cheti benki na wafadhili hawatawafungulia. Tamasha la Kenya la Muziki na Utamaduni, lenye mizizi ya mwaka 1927, lina nafasi za vikundi vya jamii, nalo ni shule nzuri ya nidhamu. Halmashauri ya Muziki ya Rais, iliyoundwa 1988, huhusika na vikundi vinavyotumbuiza kwenye sherehe za kitaifa, kwa hiyo wajueni na wawajue. Tarehe 21 Juni, Siku ya Muziki Duniani, Alliance Française huadhimisha jijini. Pelekeni ombi miezi kadhaa kabla.

Na msisahau kaunti. Katiba imeweka shughuli za kitamaduni kuwa jukumu la kaunti, si hisani ya mwakilishi wadi. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na kabla yake wananchi hualikwa kutoa maoni. Nendeni mkiwa vikundi vitatu au vinne vya Kawangware, na ombi moja lililoandikwa: ukumbi, au paa la ukumbi uliopo, au vyoo vya kiwanja. Ombi dogo lenye sahihi nyingi huingia kwenye karatasi kuliko hotuba ndefu.

Sasa mwaliko wa Mashujaa. Usikatae na usikubali kwa simu. Waandikie hivi: "Tumeshukuru kwa mwaliko wa tarehe 20 Oktoba. Kikundi kina watu kumi na wanne. Ada yetu ni shilingi kadhaa, nusu ikilipwa siku saba kabla. Tutatumbuiza kwa dakika ishirini, na tunaomba mshereheshaji atangaze jina la kikundi na tarehe ya onyesho letu la mwezi Kawangware. Tunasubiri jibu lenu kwa maandishi." Wakisema bajeti yao ni ndogo, pelekeni watu sita kwa bei ya watu sita, ila nauli na kutangazwa jina visipunguzwe. Wakikataa kuandika lolote, bakini Kawangware. Tarehe 20 ni sikukuu, watu wako nyumbani, na inaweza kuwa siku yenu ya kwanza. Barua ya polisi ipelekwe kati ya tarehe 6 na 17 Oktoba, na ya mwalimu mkuu ipelekwe wiki hii.